Kitambi Tunachokicheka

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo sikuja na shairi. Nimekuja na ugomvi, na naanza kugombana na mimi mwenyewe kabla sijabisha hodi kwenu.

Mwaka jana niliandika hadithi fupi. Ndani yake nilimweka mwanamke mmoja mnene, nikambatiza Bi. Mapipa. Kazi yake ilikuwa moja tu: kula. Akikaa kwenye benchi, benchi linavunjika. Akipanda bodaboda, dereva anadai nauli ya watu wawili. Niliisoma mbele ya washikaji hapa Makanyagio, kwenye kibaraza tunachokutania Jumapili jioni, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikajiona fundi. Nikarudi nyumbani kifua mbele, na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenipa pesa ya kuchapishia steshenari, akaniomba nimsomee na yeye.

Nikasoma. Nilipofika kwenye benchi koo lilinikauka. Shangazi ana kilo mia na ushei. Hakununa wala hakunifokea. Aliuliza tu: "Sasa baba, huyo mama alikuwa anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Hadithi nzima ya mtu anayekula, na mwandishi hajui anakula nini!

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipoanzia. Fungueni daftari zenu muone. Mnene kwetu ni kichekesho au ni mwizi. Hana njia nyingine ya kuingia kwenye hadithi. Picha hii hatukuibuni sisi, tumeirithi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, bepari alichorwa tumbo mbele, suti inamkaba, sigara nene mdomoni, na kabwela akachorwa mbavu nje. Kupe alikuwa na tumbo. Mnyonyaji alikuwa na tumbo. Naizi aliyerithi kiti cha Mzungu naye akaota tumbo, halafu wakaja wabenzi, tumbo likahamia nyuma ya usukani. Sikatai, kwa wakati wake picha ilikuwa na ukweli. Waulizeni wazee: mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ikipangiwa foleni na unga wa mahindi ya njano kutoka nje ukiitwa "yanga", mtu aliyenenepa alikuwa na mlango wake wa nyuma.

Sasa toka nje uangalie. Kitambi cha hapa mtaani kimebebwa na nani? Cha dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kutwa. Cha mlinzi wa usiku. Cha fundi cherehani. Cha mama lishe. Bosi? Bosi nampishana alfajiri anakimbia na raba nyeupe, na nyumbani kwake anakula dona ya pakiti yenye picha ya jani. Tumbo limehama nyumba, wachoraji na waandishi bado tunapiga hodi kwa mpangaji wa zamani.

Hesabu zipo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kuwa katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 36 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Utafiti wa 2015–16 ulikuwa umekuta 28. (Kiribatumbo ndilo neno la wataalamu. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Hata wataalamu wametutania.) Na utafiti huo huo wa 2022 unasema kwamba Rukwa, mkoa ambao sisi wa Katavi tulimegwa kutoka kwake mwaka 2012, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Rukwa! Ghala la mahindi! Mtoto kadumaa, mama kanenepa, chungu ni kimoja. Mtu akiniambia hiyo ni tabia ya ulafi nitamwomba anieleze mtoto naye alikosea wapi.

Sasa nimjibu shangazi. Alikuwa anakula nini?

Shangazi anaamka saa tisa usiku kukanda unga wa ngano. Saa kumi na moja mafuta yameshachemka. Anauza maandazi na chapati asubuhi, chips kuanzia mchana mpaka saa tatu usiku. Hakai mezani hata siku moja. Anakula kilichobaki: andazi lililopasuka, chapati iliyoungua upande, viazi vya mwisho vilivyonywa mafuta mpaka vikalegea. Kukitupa ni hasara, na hasara inatoka kwenye kodi ya chumba. Kwa hiyo anaila. Ndiyo, anaila hasara yenyewe, mwaka wa kumi na moja sasa. Chai yake ina vijiko vinne vya sukari kwa sababu ni sukari inayomsimamisha saa tisa usiku, siyo mapenzi.

Alipoanza kukojoa mara kwa mara na kuona ukungu, alikwenda hospitali. Wakampima, sukari ipo juu. Akapewa karatasi ya ushauri. Ninayo hapa. Imechapwa vizuri: kula matunda kila siku, punguza mafuta, epuka vyakula vya kukaanga, fanya mazoezi nusu saa, pumzika vya kutosha. Muuguzi aliyempa alikuwa mtu mwema, alimshika na mkono. Lakini karatasi ile inamwambia mkaanga chips aepuke vya kukaanga. Haisemi atakula nini saa nane mchana amesimama mbele ya karai na wateja sita. Haisemi mkaa.

Tuseme juu ya mkaa basi, maana washairi wetu wanaimba mwezi na nyota, mkaa hawaujui. Maharage ni chakula kizuri, kila mtu anakubali, na mkoani kwetu hayakosekani. Lakini maharage yanachemka saa mbili, tatu kama ni ya zamani, na kwenye nyumba ya wapangaji wanane yenye ukumbi mmoja jiko lako likikaa saa tatu limemaliza mkaa wa siku mbili na majirani wameshakununia. Chips ziko tayari. Mkaa wake kalipa mwingine. Mimi mwenyewe nimekaa geto miaka miwili nikila chips mayai usiku na kinywaji cha kuongeza nguvu mchana, kile cha chupa ya plastiki. Sikuwa mlafi. Nilikuwa nimechoka na sina sufuria.

Na mahindi je? Hapa nina hasira zaidi, kwa hiyo mnivumilie.

Nenda kwenye mashine yoyote ya kusaga hapa Mpanda. Mahindi yanakobolewa kwanza. Ganda linatoka, kiini kinatoka, na pamoja navyo nyuzinyuzi, mafuta ya asili, vitamini na madini mengi. Hiyo ndiyo pumba. Pumba inafungwa kwenye magunia inakwenda kwa kuku na nguruwe. Sisi tunabeba kile cheupe, sembe, wanga mtupu karibu wote, tunakisonga ugali wa heshima. Dona ni ya jela. Dona ni ya shule ya bweni. Mgeni akija ukampikia dona atasimulia ukoo mzima. Nani alituambia hivyo? Sembe nyeupe ilikuwa dalili kuwa umetoka shamba umefika mjini, na hiyo dalili tunaila mara mbili kwa siku. Hata lugha imeingia mkenge: hadithi mbaya tunaiita pumba! Mhariri akikurudishia kazi anasema umeandika pumba. Laiti ningeandika pumba, walau ingekuwa na kitu ndani.

Kuna kisa nataka kila mwandishi wa Afrika Mashariki akijue. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya, baadaye akafanya kazi Uganda miaka mingi. Alikuta wenyeji wanene ni adimu, kisukari adimu, shinikizo la damu adimu. Aliporudi kutembea mwaka 1970 alikuta miji yetu ina wanene na kliniki za kisukari. Mwenzake, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, yule ambaye saratani moja ya watoto inaitwa kwa jina lake, alifika mahali pa kupima choo. Msicheke. Alilinganisha choo cha wanavijiji wa Uganda na cha wanafunzi wa Uingereza, akakuta cha wanavijiji ni kizito mara kadhaa na kinapita tumboni haraka zaidi. Sababu, alisema, ni nyuzinyuzi za chakula kisichokobolewa. Akahubiri kwao mpaka Waingereza wakaanza kununua pumba za ngano dukani na kunyunyizia kwenye uji wao wa asubuhi. Somo lilitoka kwenye matumbo ya bibi zetu. Wenzetu wakalilipia pesa, sisi tukawapa nguruwe.

Halafu mzunguko unachekesha. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vikubwa vya unga viongeze madini na vitamini kwenye unga. Vizuri, sipingi. Lakini tazama: tunatoa, tunawapa kuku, kisha tunanunua kidogo cha kurudishia. Na mashine ndogo ya mtaani, ambayo ndiyo inayosaga unga wa kabwela, mara nyingi hairudishi kitu.

Msinifanye mhubiri wa dona, lakini. Dona ina matatizo yake na ni uongo kuyaficha. Ina mafuta ya kiini kwa hiyo inachacha upesi, mwenye duka haipendi. Na kama mahindi hayakukaushwa vizuri, sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, vitu vile vile tunavyoambiwa tule. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo kumwambia shangazi "kula dona" bila kumuuliza mkulima ana turubai la kuanikia au anaanika kwenye udongo, ni maneno ya karatasi tu. Chakula safi kinaanzia kwenye turubai. Sijaona hadithi hata moja yenye turubai.

Kinachoniuma ni kwamba hatuishi jangwani. Dagaa na migebuka wanatoka Karema na Ikola, ziwani. Asali ya Inyonga. Mchele wa Mpimbwe. Karanga, mawese mekundu, matembele, kisamvu. Vyote vinapita hapa mjini vikiwa juu ya lori. Tangu lami ifike, lori linaondoka na mahindi na kurudi na katoni: biskuti, tambi za pakiti, krips, vinywaji vya rangi ya pikipiki. Reli yetu ya kutoka Kaliua ilijengwa na mkoloni kufuata madini ya risasi. Sasa nadhani tumbo letu nalo ni mgodi, tena hauhitaji hata kuchimbwa. Binamu yangu wa miaka sita anajua rangi za pakiti zote za dukani. Mpapai ulio nyuma ya nyumba anauita "ule mti". Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi, karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni heri mtu mzima asivuke kama sita kwa siku nzima. Chile, tangu mwaka 2016, pakiti yenye sukari au chumvi nyingi inabandikwa alama nyeusi ya pembe nane, mtoto anaiona. Afrika Kusini walianza mwaka 2018 kutoza kodi vinywaji kwa kiasi cha sukari. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna la kufanya ila kumwambia mtu afunge mdomo.

Najua mtakachosema. "Kaka, kila mtu ana mdomo wake. Mbona wengine wanaweza?" Wanaweza, ndiyo. Wana friji, wana dada wa kazi wa kuchemsha maharage, wana saa moja ya alfajiri isiyo na karai la mafuta. Nikipewa hivyo hata mimi nitakuwa na nidhamu, tena nitawaandikia makala kuhusu nidhamu. Na msinigeuzie kibao kwamba nasifu unene. Shangazi miguu inamvimba. Mwezi uliopita kidonda cha kidole kilichukua wiki tano kufunga na tulikuwa tunalala macho wazi. Ninachokataa ni ule uvivu wetu wa kalamu, wa kumpa mtu tumbo badala ya kumpa maisha. Mwandishi anayeandika "alikuwa mnene kama kiboko wa Katavi" na kuendelea na mambo yake amekwepa kazi. Aeleze mkaa. Aeleze bei. Aingie kwenye mashine, apakwe unga, aulize pumba inakwenda wapi.

Hadithi ya Bi. Mapipa nimeichana. Naanza upya, na safari hii nalala sebuleni kwa shangazi ili niamke naye saa tisa. Siku ya kwanza nilisinzia kwenye ndoo ya unga. Siku ya pili akanipa nikaange mimi, mafuta yakaniruka mkononi, akacheka kweli kweli, benchi likatikisika, halikuvunjika. Kisha akaniletea chai. Nikaonja: vijiko viwili. "Napunguza," akasema, "lakini usiandike kwanza. Nikishindwa je?"

Nimemwambia nitaandika vyote viwili, viwili na vinne. Amekubali, ila anataka jina zuri safari hii, na ile pesa ya steshenari nimrudishie.