Wagonjwa wa valvu za moyo wapewe wauguzi wa kutosha

Mgonjwa mwenye maambukizi ya valvu za moyo anahitaji muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo na mwenye muda wa kumwangalia, na hospitali zetu hazina budi kuhakikisha anampata.

Matibabu yake ni marefu. Antibiotiki huingizwa kwenye mshipa, mara nyingi kwa wiki 4 hadi 6, kwa saa zilizopangwa. Dozi zikirukwa kwa kuwa wodi ina muuguzi mmoja usiku, vijidudu huendelea kuila valvu.

Muuguzi ndiye anayeweza kuiona hatari mapema: homa inayorudi, pumzi inayobana, au mdomo uliopinda ghafla baada ya kipande kilichomeguka kwenye valvu kuziba mshipa wa ubongo.

Isitoshe, aliyepona anaweza kuambukizwa tena. Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi amfundishe kutunza meno, kumjulisha daktari wa meno hali ya moyo wake, na kuwahi hospitali apatapo homa badala ya kununua dawa dukani.

Wenye dhamana ya afya waongeze wauguzi katika wodi za wagonjwa hawa na kuwapa mafunzo. Wafanye hivyo sasa.