Maelekezo Kutoka Juu

Tunapojadili urasimu nchini, lawama huangukia pande mbili: kwa waziri aliyeko Dodoma au kwa karani wa dirishani. Anayesahaulika ni yule aliye katikati yao, ambaye mezani kwake majalada hulala. Ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, ni mahali pazuri pa kumtazama.

Mapema mwaka 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi mwaka huohuo soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Mnunuzi, ofisa wa Tume ya Madini na mizani wakawa chini ya paa moja. Wakati huo, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vilipokatwa, mauzo yalikuwa yamekamilika. Hayo nayaona kuwa mageuzi makubwa, na siri yake haikuwa ukali wa viongozi. Ofisa wa sokoni anajua kiwango, na anaweza kumaliza shauri palepale bila kumwandikia mkubwa wake dokezo sabili.

Mchimbaji huyohuyo akiwa na mgogoro wa mpaka wa leseni, hukutana na ofisa wa namna nyingine: uwezo wa kukwamisha anao, wa kuamua hana. Akiidhinisha jambo likaharibika, atatumbuliwa. Akilichelewesha, nani atamwuliza? Tena kama ni kaimu (na makaimu katika ofisi zetu ni wengi), hofu huwa maradufu. Ndipo husema anasubiri maelekezo kutoka juu. Wengi huuita huo uvivu. Mimi naona ni hesabu, na kwa bahati mbaya ameipiga sawasawa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani viongozi wenye majivuno na ubwana, na wafanyakazi waliuchukua kwa uzito hata wakawafungia mameneja nje ya viwanda. Walipambana na kiburi, na walikuwa na haki. Woga ni ugonjwa mwingine, na dawa ya kiburi huuzidisha: kila ofisa anayeaibishwa hadharani huwafundisha wenzake kumi kutosaini.

Sasa mtazame meneja wa duara. Naye yuko katikati: juu yake mmiliki wa duara na mwenye leseni, chini yake wanaapolo. Kazi ikisimama, mifuko haipandi; na palipo na desturi ya kugawana mawe badala ya mshahara, njaa humfikia naye. Simtakasi, maana wapo wanaoficha mifuko. Ila kuchelewesha kunamgharimu.

Kwa hiyo, kabla ya kuunda kamati nyingine, ningependa ofisa wa ngazi hiyo apewe mamlaka yaliyoandikwa na idadi ya siku za kutoa jibu. Siku zikipita, aulizwe juu ya ukimya wake kama anavyoulizwa leo juu ya saini yake.