Gari la Makerere
Novemba 2011, gari dogo la umeme la viti viwili, Kiira EV, lilitembea barabarani Kampala. Liliundwa na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere. Nalikumbuka kila ninapomwona mhandisi mpya, shahada mkononi, akisita kushika spana. Mtihani humwuliza kanuni ya Ohm. Gari humwuliza kwa nini waya huu unachemka, na nani hakukaza nati ile. Hapo ndipo hesabu inapomwingia mtu. Kazi ile haikuishia maonyesho: mwaka 2016 likazinduliwa basi la Kayoola, lenye paneli za sola juu ya paa. Vyuo vyetu vifungue karakana tangu mwaka wa kwanza, na bajeti izihesabu kabisa mota zitakazoungua.