Masomo ya bure iko mu simu: tushushe mara moja, tugawanye kwa wote

Kila mwaka, wakati Examen d'État inakaribia, kuko biashara moja inaamka mu miji yetu. Watu wenye hatujue jina wala uso wao wanaingia mu grupu za WhatsApp na kuahidi items za kweli, na majibu tayari. Muzazi anatuma franga kwa simu. Mutoto naye anakesha usiku kwa kubeba majibu mu kichwa: namba ya kwanza A, namba ya pili C. Siku ya mutihani inafika, anakuta maswali ni mengine kabisa. Ule mwenye kuuzisha alishafunga simu yake zamani.

Sisi tunasema wazi: franga zile zinapotea bure, na mwaka wa mutoto unapotea pamoja nazo. Na chenye kinatuumiza zaidi ni hiki: mu simu ileile yenye ilipokea items za uongo, kuko masomo ya kweli, tena ya bure. Hayauzishwe na mutu. Lakini wazazi wengi hawajayasikia, na walimu wengi wameyasikia tu kwa jina. Ndiyo maana leo tunataka kuyataja moja moja, kisha tuseme namna ya kuyafikisha pa nyumba yenye haina mega.

Tuanze na mwanafunzi wa mwisho, ule tunaita finaliste. Examen d'État, yenye iko tangu 1967, inafanywa kwa siku ine: culture générale, sayansi, lugha, na masomo ya option. Kwa kila siku kuko kitu cha kumusaidia.

Kwa culture générale, kuko Wikipédia ya Kifaransa yenye kuwa na makala kupita milioni 2,5. Kwa wadogo wa primere na wale wa mwanzo wa segondere kuko Vikidia. Hii ni kamusi kubwa ya elimu yenye ilianza 2006 na yenye inaandikwa kwa Kifaransa chepesi, kwa watoto wa miaka 8 mpaka 13. Tunawaambia kweli, hata mutu mukubwa mwenye Kifaransa chake ni cha shida atasoma Vikidia na kuelewa.

Kwa hesabu na sayansi kuko Khan Academy. Masomo yake iko pia kwa Kifaransa. Mwalimu anaeleza polepole, na unaweza kumurudisha nyuma mara kumi bila yeye kukasirika. Tena kuko PhET, kazi ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani. Ilianzishwa 2002 na Carl Wieman, ule mwenye alipata Prix Nobel ya fizike mwaka mumoja mbele. PhET ni labo ndani ya simu ao ya ordinatere: mutoto anaunga nyuzi za umeme, anaweka ampule, anaona taa inawaka ao inazimika. Masomo yetu ngapi iko na section scientifique bila labo hata moja? Mwalimu anachora circuit pa tableau na chaki, mwanafunzi anakopia, na hakuna mwenye aliona kitu kikifanya kazi. PhET haiondoe haya ya kukosa labo, lakini inasaidia mutoto aone.

Kwa Kifaransa, TV5Monde na RFI ziko na mazoezi ya bure, ya kusikiliza na ya kujibu. Na tusisahau dissertation, yenye inafanywa mu hors-session. Pale, mutu hafaulu kwa kuchagua herufi. Inaomba mutoto awe amesoma mingi na ameandika mingi. Hakuna muuza items mwenye anaweza kumuandikia ile.

Kwa watoto wadogo kuko African Storybook, yenye inatoka Afrika ya Kusini. Iko na hadisi nyingi za bure, zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kiko ndani. Ni kweli, Kiswahili chake kingi ni cha kule Kenya na Tanzania: pa fasi ya kelasi watasema darasa, pa fasi ya buku watasema kitabu. Hiyo haina neno. Mutoto wa Lubumbashi ao wa Bukavu atapata maneno mapya, na mama atamusaidia pale inamushinda. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inakubali lugha zetu za taifa zitumike kwa kufundisha watoto wa kelasi za chini. Lakini buku za Kiswahili mu kelasi ziko wapi? Basi, hizi hapa.

Kwa walimu kuko IFADEM, yenye Francophonie na Agence universitaire walianzisha 2007 kwa kufundisha walimu wa primere bila kuwaondoa pa kazi. Ilifanya kazi hata hapa kwetu Congo, na buku zake ndogo za namna ya kufundisha ziko mu intaneti bure.

Sasa tuonye mutego moja wenye unakamata watu wengi. Masomo mengi ya Kifaransa yenye tunakuta mu intaneti yalitengenezwa Ufaransa, na kule majina ya kelasi haiko sawa na yetu. Mutoto wetu wa 4e ya humanités, finaliste, anaandika «maths 4e». Anachokuta ni hesabu ya watoto wa Ufaransa wa miaka 13. Kule, kelasi yake inaitwa terminale. Mutoto anafurahi kwamba hesabu ni nyepesi, kumbe anasoma ya mudogo wake. Dawa ni moja: usiandike jina ya kelasi, andika jina ya somo vile iko mu kaye: «équation du second degré», «loi d'Ohm», «la photosynthèse». Na programu ya Congo ibaki pembeni siku zote, juu ndiyo yenye itaulizwa. Kuko pia Wakongomani wenye wameanza kutengeneza vyombo vya hapa kwa masomo ya hapa, sawa vile Schoolap ya Kinshasa. Hao inaomba tuwatie nguvu, kwa sababu mugeni hatatutengenezea programu yetu.

Tunasikia tayari jibu la wazazi: «Haya yote ni mazuri, lakini mega inatoka wapi?» Ulizo ni la haki. Kila video ni franga, na umeme nao unakuja usiku wa manane ao haukuje kabisa. Kama tunasema «mutoto aingie mu intaneti ajifunze» na tunaishia pale, tunasema na watoto wa matajiri peke yao.

Lakini hapa ndipo tunataka watu wasikie vizuri. Sehemu kubwa ya masomo haya haiombe intaneti kila siku. Inaomba intaneti mara moja. Kuko programu ya bure inaitwa Kiwix. Inabeba Wikipédia nzima, ao Vikidia nzima, na kuiweka mu simu ao mu karte memwari, na kisha inafunguka bila mega hata moja. Wikipédia ya Kifaransa bila picha inaingia mu karte ya giga 32 na fasi inabaki. PhET nayo inashushwa na kutumiwa bila intaneti. Kuko tena Kolibri: inawekwa mu ordinatere moja ya masomo, na simu zenye ziko karibu zinasoma kwa Wi-Fi ya ile ordinatere, bila kulipa kampuni yoyote. Ndani yake unaweza kuweka hata masomo ya Khan Academy.

Na kuigawanya si wizi. Wikipédia, Vikidia, PhET, African Storybook, wenyewe waliruhusu watu wakopie na kupeana, kama tu jina yao inabaki pale.

Basi tufanye hesabu ya kijiji. Kama wazazi 40 wa kelasi moja wanashusha Vikidia kila mutu kwake, wanalipa mara 40. Kama komite ya wazazi inachanga, inamupa mwalimu mumoja ao mwanafunzi mukubwa mwenye kujua, anaenda fasi yenye intaneti ni nzuri, anashusha mara moja, kisha anakopia kwa Bluetooth ao kwa karte memwari, wote wamelipa mara moja. Tunachanga kwa kilio, tunachanga kwa ndoa, tunachanga likelemba kila mwezi. Kuchanga kwa karte memwari moja ya kelasi itatushinda?

Kuko wazazi wenye wanasema: simu inaharibu watoto, heri tuifiche. Hatuwacheke. Tunaona nasi watoto wenye wanalala saa nane ya usiku juu ya TikTok. Lakini ile namna ya kushusha inaleta jibu pia kwa woga huu. Ukizima intaneti, TikTok haifunguke, lakini Vikidia inafunguka. Muzazi anatoa simu yake saa moja ya magaribi, mega imezimwa, watoto wanazunguka meza, na saa mbili simu inarudi kwake. Na pale pa meza, musichana akae naye. Nyumba nyingi simu inapewa kijana mwanaume, na dada yake anatumwa kuosha sahani. Mutihani hauulize nani aliosha sahani.

Neno lingine kwa muzazi mwenye hakusoma Kifaransa. Wengi wanaona haya: «Mimi nitamusaidia mutoto na nini?» Mama, tata, kazi yako iko, tena ni kubwa. Mutoto akimaliza kusoma, mwambie: «Sasa nielezee mimi kwa Kiswahili.» Kama alielewa photosynthèse, atakuambia namna jani la muti linakula mwanga wa jua. Kama alibeba tu maneno kwa kichwa, atakwama, na wote wawili mutajua. Fanya vile hata na homework zenye wanaandikisha siku hizi na programu za akili bandia, zenye zinatoa jibu zuri kwa dakika moja. Mashine inaweza kumuandikia, lakini haiwezi kumuelezea mama yake. Kwa kazi hii hauhitaji diplome. Unahitaji masikio na uvumilivu.

Kwa walimu wetu tunasema kwa heshima. Tunajua mushahara wenu, tunajua kelasi zenu. Tangu 2019, wakati Leta ilianza kutimiza ile gratuité yenye article 43 ya Constitution iliahidi, watoto wengi waliingia mu primere, na hiyo ni furaha. Lakini benchi hazikuongezeka kwa mwendo huohuo, na buku vilevile. Hakuna mutu anaomba mwalimu alipe mega na mufuko wake kwa watoto wa watu. Tunaomba neno moja tu: akisha kupata karte yenye komite imejaza, aiangalie mbele ya watoto, achague yenye inafuata programu, aseme «hii ndiyo, ile hapana». Bila jicho la mwalimu, simu ni soko bila bei: kila kitu kiko pale, kizuri na kibovu pamoja.

Na wakubwa? Mwezi wa tatu wa 2020 masomo yote ya inchi yalifungwa juu ya Covid. Siku zile tuliona Radio Okapi ikianza Okapi École, mwalimu akafundisha kwa redio, na sauti yake ikafika hata fasi intaneti haijafika. Inaonyesha kwamba kama kuko mapenzi, njia inapatikana. Leo tunaomba mambo mawili yenye haiombe mabilioni. La kwanza: kampuni za simu zenye zinapewa ruhusa ya kufanya biashara kwetu zifungue masomo haya bila kukata mega, na Leta ikamate ulizo hilo wakati wa kufanya mapatano nazo. La pili: programu za kitaifa na items za miaka yenye imepita ziwekwe na Leta yenyewe fasi moja yenye kujulikana, bure, kwa kila option. Siku mutoto atajua fasi ya kweli ya kuzitafuta, ule mwenye kuuzisha za uongo atafunga duka.

Mbele ya siku ile, tusingojee. Komite ya wazazi yenye itakutana mwezi huu iweke neno hili mu ordre du jour: nani atashusha, karte inalipwa na nani, mwalimu gani ataangalia. Na muzazi mwenye atapokea ujumbe wa items usiku wa leo, aufute. Franga zile anunue karte memwari.