Jembe si adhabu

Nikiwa darasa la nne, asubuhi moja nilichelewa namba. Mwalimu wa zamu hakunichapa. Alinipa jembe, akanionyesha majani yaliyoota nyuma ya vyoo, akasema nisionekane darasani mpaka pale pawe peupe. Nililima huku nikiwasikia wenzangu wakiimba jedwali la kuzidisha. Siku ile sikujifunza kuwahi. Nilijifunza kwamba jembe ni la mkosaji.

Nimekuja kugundua kwamba somo hilo tumelipata wengi. Karibu kila frateri niliyemuuliza ana kisa chake: mmoja alipewa matuta matano kwa kupiga kelele, mwingine alimwagilia bustani ya mwalimu wiki nzima kwa kutovaa soksi. Hata katika nyumba za malezi utasikia utani kwamba ukimwona mtu shambani peke yake saa ambayo si ya kazi, bila shaka ana kesi. Tunacheka. Lakini mzaha huo una matokeo yake, na mimi nimeyaona nyumbani kwetu.

Nyuma ya kanisa la parokia yetu, Dar es Salaam, kuna kipande cha ardhi kisichozidi robo ekari. Kwa miaka sita sasa kinamama wa jumuiya tatu wanalima hapo mchicha, matembele, chainizi na majani ya maboga. Mama yangu ni mmoja wao. Mwaka huu limeletwa pendekezo kwamba eneo lote litandikwe pevingi, ili magari yapate maegesho siku za Dominika na za harusi. Uamuzi bado haujafikiwa. Mimi sina kura katika kikao hicho, na si kazi ya frateri kumwamulia paroko wala Halmashauri ya Walei. Nina hoja tu, na naomba zisikilizwe kabla mchanga haujamwagwa.

Nianze na kile ambacho kipande hicho kinafanya. Mchicha huwa tayari kuvunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Anayetunza vizuri matuta yake manne, akiyapanda kwa kupishana, hakosi mboga ya nyumbani na fungu la kuuza. Fedha zake si nyingi, lakini zinakuja kila wiki, na kwa mama wa mjini asiye na mshahara, fedha ndogo ya kila wiki inasaidia kuliko fedha kubwa isiyojulikana itakuja lini. Nauli yangu ya kwanza ya kuja seminarini ilitoka katika matuta hayo. Sioni aibu kulisema.

Kuna sababu pia ya mboga za majani kulimwa mjini. Mahindi na mchele husafiri siku tatu yakafika salama. Mchicha uking'olewa asubuhi, jioni umeshanyauka. Ndiyo maana kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Dar es Salaam zimetoka humo humo jijini: bonde la Msimbazi, kandokando ya reli, chini ya nguzo za umeme, viwanja visivyojengwa na nyuma ya nyumba za watu. Ukiziondoa bustani hizo hatutakufa njaa. Tutakula ugali na dagaa wachache, au ugali na maharage yale yale.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya mara kwa mara, maji machafu na uzazi wa karibu karibu. Lakini mojawapo ni chakula cha aina moja. Wengi wa watoto hao hawakosi ugali. Wanakosa kile kinacholiwa na ugali.

Sasa nirudi kwenye jembe. Darasani tunafundishwa na Aristotle kutofautisha kitu kilivyo katika asili yake na yale yanayokipata kutoka nje. Hebu tuitumie tofauti hiyo. Katika sura ya pili ya Kitabu cha Mwanzo, Mungu anamweka mtu katika bustani ya Edeni ailime na kuitunza. Dhambi inakuja katika sura ya tatu. Miiba, michongoma na jasho la uso ndivyo vilivyofuata baada ya anguko. Kilimo chenyewe kilikuwepo kabla. Kwa hiyo anayesema kulima ni adhabu amechukua kilichoongezeka baadaye, yaani uchungu wa kazi, akakifanya kuwa kazi yenyewe. Mtu alikuwa mkulima kabla hajawa mkosaji.

Tena tukumbuke asubuhi ya Pasaka. Maria Magdalena alipomwona Bwana Mfufuka hakumtambua. Alidhani ni mtunza bustani. Wahubiri wengi wamesema kwamba hakukosea sana.

Kanisa limeliishi jambo hili. Mtakatifu Benedikto, katika kanuni yake ya karne ya 6, aliwapangia wamonaki saa za kazi za mikono kila siku pamoja na saa za kusoma, kwa wote na si kwa waliokosea. Wabenediktini waliokuja kwetu walifika Peramiho na Ndanda na imani hiyo hiyo, na hadi leo abasia hizo zinajulikana kwa mashamba na karakana pamoja na sala. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliwakumbuka wazalishaji wadogo wa chakula. Alieleza kwamba mashamba na bustani ndogo ndogo ndizo zinazolisha sehemu kubwa ya watu duniani, tena kwa ardhi kidogo na uharibifu mdogo, akataka zilindwe.

Hata Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukusudia shamba la shule liwe mahali pa kutumikia adhabu. Alitaka wanafunzi walime, waone matokeo ya kazi yao, na washiriki kuamua mapato yatumikeje. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha hayo mengine. Mtoto alilima, mazao yakaenda asikojua, na aliyechelewa akaongezewa kipande. Tukishangaa leo kwa nini vijana wanakimbia kilimo, tuanzie hapo.

Mwaka jana nilimsindikiza frateri mwenzangu likizo kwao Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Babu yake alitutembeza katika kihamba chake, ambacho hakifiki ekari mbili. Juu kabisa kulikuwa na miti mirefu ya kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba, mibuni. Na ardhini magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe wawili wanalishwa zizini kwa majani ya migomba, na samadi yao inarudi kwenye migomba hiyo hiyo. Maji yanakuja kwa mfereji, ambao Wachaga huuita mfongo, na kila ukoo una zamu yake. Niliuliza kama eneo hilo linatosha. Babu alicheka, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe unahesabu upana. Hesabu na urefu wa kwenda juu."

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2011 liliutambua mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Dar es Salaam si Kilimanjaro. Hatuna baridi wala mifongo. Lakini kanuni za kihamba hazihitaji mlima: panda kwa ngazi, rudisha ardhini kilichotoka ardhini, na kubalianeni zamu. Wakazi wa Kibera, Nairobi, walifanya jambo la namna hiyo kuanzia mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, walipoanza kupanda sukuma wiki na mchicha kwenye magunia yaliyojazwa udongo. Mimea ilipandwa juu na ubavuni mwa gunia, na gunia lilikaa mlangoni pa chumba kimoja cha kupanga.

Najua pingamizi zipo, na baadhi ni za kweli.

La kwanza ni maji. Maji ya bomba ni ghali na kumwagilia kunapandisha bili ya parokia. Lakini tazameni juu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la kanisa lenye mita za mraba 400 hupokea basi kama lita 400,000 kila mwaka. Hata nusu ikipotea, zinabaki ndoo 10,000 za lita 20. Kwa sasa maji hayo yote yanamwagika barabarani na kuingia kwenye nyumba za majirani wa bondeni. Tukitandika pevingi robo ekari nzima, hata yale yaliyokuwa yakinywewa na matuta yataungana nayo.

La pili ni usalama wa mboga zenyewe. Hili silipuuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 1999 matokeo ya vipimo vya mboga zilizomwagiliwa maji ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakaonyesha kuwa zilikuwa na metali nzito kama risasi na kadimi. Anayelima kwa maji ya mtaro wa viwanda hamtendei jirani yake haki. Lakini hoja hii inatetea bustani za parokia. Mahali ambapo chanzo cha maji kinajulikana, na aliyelima anajulikana kwa jina na jumuiya yake, ndipo mlaji anapoweza kuuliza na kujibiwa.

La tatu ndilo zito: magari nayo yanahitaji mahali, na ukumbi wenye maegesho huiletea parokia fedha za kuendesha huduma. Kweli. Wala sisemi bustani itaingiza fedha kuliko harusi. Nasema zipo huduma ambazo parokia ikishaziuza haitaweza kuzinunua tena. Magari huja siku moja au mbili kwa wiki, na barabara ina nafasi nyingine. Wale kinamama hawana pengine. Wengi wao ni wapangaji ambao hawaruhusiwi hata kuweka ndoo ya udongo uani.

Na la nne, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba matuta nyuma ya kanisa yanaifanya parokia ya mjini ionekane ya kishamba. Hili silijibu kwa hesabu. Hili ndilo lile somo la darasa la nne, limekua, limevaa suti, linakaa kwenye vikao vyetu.

Napendekeza nini? Nusu ya eneo, upande wa geti, iwe maegesho, na vitofali vyake viwe vile vyenye matundu vinavyoruhusu maji kuzama na majani kuota. Nusu ya pili ibaki bustani. Liwekwe tangi la kuvuna maji ya paa. Watoto wa Utoto Mtakatifu wapewe tuta lao, wachague wenyewe wapande nini na waamue mavuno yaende wapi. Nina hakika watawakumbuka wagonjwa na wazee wa jumuiya kabla yetu. Jumuiya zisizo na nafasi zijaribu magunia. Robo ekari au nusu yake haitalisha parokia nzima, na asiyesema hivyo anadanganya. Itatoa mboga, itatoa mbegu na miche ya kupeleka nyumbani, na itawaonyesha watoto wetu mtu mzima anayelima bila kuwa amekosa.

Kwetu sisi mafrateri nina ombi moja dogo. Tukabidhiwapo viranja, au kesho tukiwa walezi na maparoko, tusimpe mtu jembe kama adhabu. Adhabu nyingine zipo. Jembe tuliache kwa saa ya kazi, tunaposhika wote, na gombera akiweza naye ashike.

Nilimpigia mama simu wiki iliyopita kumwuliza kikao kimefikia wapi.

"Bado, baba," aliniambia. "Wanaume wanapima kwa futi."

"Na ninyi?"

"Sisi tumepanda tena. Mchicha hauwezi kusubiri kikao."

Utakuwa tayari kuvunwa kabla ya kikao kijacho. Naomba wajumbe, kabla ya kupiga kura, wapite nyuma ya kanisa wakaone. Na nikifika nyumbani likizo ya Juni, nitamwomba mama anigawie tuta moja.