Gemu ya Zamani Haikuombi Bando

Pita kwenye koridoo za hosteli Ijumaa usiku, utasikia mtu anapiga kelele "Goooli!" saa ambayo hakuna ligi yoyote inayochezwa. Chungulia: ni PSP kuukuu, au simu yenye PPSSPP, ile programu inayoiga PSP, na ndani yake inachezwa PES. Mashine yenyewe Sony waliitoa Japani Desemba 2004. Wengi wa mwaka wa kwanza walikuwa hawajazaliwa.

Ndiyo maana wanaosema "ni kukumbuka utoto tu" siwaelewi. Utakumbukaje kitu kilichokutangulia duniani?

Sababu ni rahisi zaidi. Gemu zile ziliuzwa zikiwa zimekamilika. Diski ya UMD ilibeba hadi GB 1.8 na kila kitu kilikuwa humo. Ukiwa nayo, unayo. PSP mbili zinaunganishwa zenyewe bila intaneti, mnakaa kitanda kimoja, mnapigana goli. Kioo ni cha inchi 4.3, mashabiki jukwaani wanafanana kama mapacha, lakini raha iko palepale.

Sasa angalia za leo. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, ni ya bure, ila bando likikata na mechi ya mtandaoni imekata. Wachezaji nao unawapata kama bahati nasibu. Mwenye hela anapanga kikosi cha kutisha. Wewe unayesubiri boom unapigwa tano. Na siku seva ikizimwa, ulicholipia kimeondoka nayo.

PES 2014 na FIFA 14 ndizo zilizofunga pazia kwenye PSP. Mashabiki wakakataa kufunga. Wanabadilisha vikosi na jezi wenyewe, mpaka unamkuta Mbappé kwenye gemu iliyotoka kabla hajacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu.

Najua, nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi hazina ruhusa ya wenye mali. Hoja hiyo ni ya haki. Basi wenye mali watuuzie gemu kamili, kwa bei ya mwanafunzi, tuone kama hatutanunua.

Nanyi wadau mnaosoma kompyuta, hili linawahusu. Kesho mtatengeneza gemu, programu za masomo, za hospitali. Kabla hamjazitoa, zimeni data kwanza. Kisha muone kinachobaki.