Mteja wa Chang'ombe hana kosa, kosa ni la fomu yako

Leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi. Nataka tuongelee oda zinazopotea, maana kila mara naona mtu analeta picha ya skrini hapa, "jamani tovuti yangu inagoma", na ushauri mwingi anaopewa mi naona unamharibia zaidi.

Nianze na langu. Naishi Kilwa Kisiwani, nauza mikeka wanayoshona mashangazi zangu, pamoja na korosho zilizobanguliwa. Nimeishia form four. Tovuti nimeijenga mwenyewe kwa PHP na MySQL, kwa kuangalia video usiku bando likiwa la bei rahisi. Mteja anajaza jina, simu na mahali alipo, nampigia, tukielewana analipa. Mzigo unavuka kwa boti mpaka Masoko, unapanda basi.

Sasa kabla ya Ramadhani moja, dada mmoja akaandika kwenye ukurasa wangu mbele ya watu wote. Alijaza oda ya mikeka sita ya ndoa ya mdogo wake. Alijaza mara tatu, na mara zote tatu duka langu likamjibu "Asante, oda yako imepokelewa". Hakupigiwa simu. Akamalizia na neno moja: matapeli. Chini yake wakaja wengine wawili, na wao yaliwakuta hivyo hivyo.

Nyie mnajua neno hilo linavyouma kwa sisi tunaouza kwa simu. Mtu hakuoni, hajui kwenu, kitu pekee anachokushikia ni uaminifu. Na mimi ndani ya databesi sikuwa na oda hata moja ya dada huyo. Nikaanza kulaumu kila kitu: mtandao wa kisiwani, simu yangu, kampuni inayonihifadhia tovuti. Nikampigia fundi mmoja wa mjini, akaniuliza dada yuko wapi. Chang'ombe, Temeke. Akacheka. "Waambie wateja waandike Changombe bila hiyo alama, itapita."

Ni kweli, ilipita. Ila mimi ushauri huo naupinga mpaka leo, na ndo sababu ya kuandika hapa.

Kwanza tuelewe kilichotokea. Kodi yangu (hii ya kompyuta, siyo ya TRA) ilikuwa hivi, kama zilivyo nyingi zinazofundishwa kwa wanaoanza:

$sql = "INSERT INTO oda (jina, simu, mahali) VALUES ('$jina', '$simu', '$mahali')";

Angalia vile vialama vinavyozunguka kila neno. MySQL inavitumia kujua neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Sasa mteja akiandika Chang'ombe, ile ritifaa ya kwenye ng' ni alama ile ile. MySQL inasoma 'Chang', inaona alama, inasema neno limeisha. Halafu inakutana na "ombe" imesimama peke yake barabarani haijui ni nini. Amri nzima inakataliwa.

Makosa yake unayasoma hapo hapo. MySQL inaandika sentensi ndefu ya Kiingereza inayotisha, lakini mwishoni kuna kipande hiki: near 'ombe')' at line 1. Wengi wetu tukiona Kiingereza kirefu tunafunga. Usifunge, nenda kwenye neno near. Kinachofuata ni mahali pale pale MySQL ilipojikwaa. Mimi nilipoona "ombe" nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana nililala macho siku mbili natafuta kitu ambacho kimeandikwa.

Mbona basi duka lilisema asante? Hapo ndipo niliona aibu. Kodi yangu ilikuwa inatuma amri, halafu mstari unaofuata inaandika asante, bila kuuliza kama amri imekubaliwa. Na PHP za kabla ya toleo la 8.1, mysqli ikishindwa inakaa kimya usipoiambia iseme. Kwa hiyo oda inamwagika chini na duka linatabasamu. Afadhali hata fomu ingegoma kabisa, yule dada angenipigia.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonichanganya. Wateja wengine wa Chang'ombe walikuwa wanapita! Nikawa nasema basi siyo jina la mahali. Kumbe hao walitumia iPhone. iPhone nyingi ukiandika hiyo alama zinaigeuza kuwa ile iliyopinda, ’ badala ya ', na MySQL kwa hiyo iliyopinda haina shida. Nilikuja kujua kwa kujaza oda mimi mwenyewe, nikibadilisha kitu kimoja kimoja tu. Jina lile lile, simu ile ile, mahali Kilwa Masoko: ikaingia. Mahali Chang'ombe: asante, na jedwali tupu. Nikaazima simu ya binamu, iPhone: ikaingia. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimetibu, nawaona wengi wanafanya hivyo.

Sasa turudi kwa fundi na "waambie waandike bila alama". Ng na ng' siyo kitu kimoja kwa Kiswahili, mtoto wa darasa la pili anajua. Hapa kwetu Lindi kuna Ng'apa, kuna Nyang'ao. Kuna wateja wa Kanda ya Ziwa majina yao yanaanza na Ng'. Hao wote uwaambie wabadilishe majina ya kwao kwa sababu wewe ulinakili mstari mmoja kwenye video? Aliyefundisha alijaribu na "John" wa "New York", kwake ilifanya kazi. Wateja wetu siyo John. Na wateja wenyewe hawasomi hayo maelekezo, wanajaza na kuondoka.

Halafu kuna hatari kubwa kuliko oda moja. Kama alama moja ya mteja asiye na nia mbaya inaweza kuikata amri yako, mwenye nia mbaya anaweza kuikata makusudi na kuunganisha amri yake mwenyewe hapo hapo. Anaweza kuchota majina na namba za wateja wako wote. Huu ni wizi wa zamani sana na bado unafanya kazi kwenye tovuti ndogo kama zetu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haisemi muuza mikeka hahusiki.

Dawa ni mistari mitatu, na inatibu yote mawili:

$k = $con->prepare("INSERT INTO oda (jina, simu, mahali) VALUES (?, ?, ?)");
$k->bind_param("sss", $jina, $simu, $mahali);
$k->execute();

Hapa amri inatangulia ikiwa na nafasi wazi, maneno ya mteja yanafuata baadaye kama mzigo tu. MySQL haiyasomi tena kama sehemu ya amri. Aandike Chang'ombe, aandike Ng'ombe Ng'ong'o, poa. Na juu kabisa, kabla ya kuunganisha databesi, weka mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT). Ili ikishindwa ipige kelele. Kelele hizo ziende kwenye faili la makosa unalosoma wewe. Mteja mwonyeshe tu "Samahani, oda haijaingia, tupigie" na namba yako. Neno asante liandikwe baada ya execute kupita, siyo kabla.

La simu nalo niliseme kwa sababu naliona humu kila mara. Kama kolamu yako ya simu umeiweka INT, nenda kaiangalie leo. Mteja akiandika 07 na kuendelea, sifuri ya mbele inaliwa. Hiyo ni nafuu, unairudisha. Balaa ni anayeanza na 255. INT ya MySQL mwisho wake ni 2147483647, na namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12, haiingii. MySQL iliyowekwa kuwa kali itaikataa. Isiyo kali, na kwenye XAMPP yangu ndivyo ilivyokuwa, inaandika 2147483647 na kuendelea na maisha. Nilikuwa na wateja wanne wenye simu moja! Nikadhani ni mtu mmoja ananichezea, nikaipiga. Namba hiyo hiyo mwaka 2014 iliwafikia hata YouTube, video ya Gangnam Style ilipokuwa inaelekea kuipita kwa kutazamwa ikabidi kihesabu kibadilishwe. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanahesabu. Wewe namba ya simu huijumlishi wala huigawanyi, kwa hiyo iweke VARCHAR(20). Wale wanne wangu sikuwapata tena, namba zao hazipo popote.

Najua wapo watakaosema haya yote ya nini, baki WhatsApp. Sawa. Kama unapata oda tano kwa wiki, hata mimi nakushauri ubaki na daftari. Lakini ukishafungua fomu na kuandika "agiza hapa", mtu wa Chang'ombe anakuamini kama ulivyoandika.

Kwa hiyo mimi siku hizi kabla ya kuwasha chochote kipya nina orodha yangu ya wateja wa kubuni kwenye daftari: wa Ng'apa, wa Nyang'ao, mwenye majina manne, anayeanza simu na +255, anayeweka nafasi katikati ya namba, anayeandika emoji kwenye jina. Nawajaza mmoja mmoja, halafu naenda kwenye jedwali kuangalia kwa macho kama kilichoingia ndicho nilichoandika. Ujumbe wa skrini siuamini tena. Kazi hiyo inanichukua muda wa kikombe cha chai.

Yule dada nilimwandikia pale pale palipoandikwa matapeli, nikaeleza kosa ni langu, nikaweka na ule mstari. Hakufuta neno lake, na ndoa ilishapita. Ila mwezi wa nne baadaye iliingia oda ya mkeka mmoja, mahali: Chang'ombe, na ritifaa yake. Jina lilikuwa lake. Shangazi alipoambiwa ni nani alifumua ukili alioanza akashona upya kwa rangi nzuri zaidi.

Kama una mstari unaogoma uweke hapo chini kwenye maoni pamoja na kile kinachofuata baada ya near. Nywila ya databesi ifute kwanza, jamani, wiki iliyopita kuna mtu kaibandika humu na yake.